Nguzo ya Udongo Chini ya Kaburi

Watu wa Tabora hawana haja ya redio. Jambo likitokea Kanyenye asubuhi, adhuhuri limekwisha fika Usoke, tena limeota mkia. Na kwa kuwa habari ya nyumba ya Darwesh imesemwa na kila mwenye ulimi, huyu akitia chumvi na yule akitia pilipili, ni haki isimuliwe mara moja kama ilivyokuwa, ili wajukuu wasije wakaulizwa njiani jambo wasilolijua.

Thabit bin Darwesh hakuwa mtu mkubwa. Alikuwa mchora ramani wa baraza la mji, mtu mwembamba, shati limepigwa pasi, penseli nyuma ya sikio hata anapokwenda msikitini. Alisoma Tabora, akasoma ufundi Dar es Salaam, na uhuru ulipopatikana serikali ikampeleka Bulgaria kuongeza elimu. Aliporudi alimwoa Tufaha, mwalimu wa shule, akakaa naye katika nyumba alimozaliwa, pamoja na mama yake, Bi Khole, ambaye alikuwa mjane tangu Mzee Darwesh alipofariki.

Nyumba yenyewe ilijulikana. Kuta zake za udongo zilikuwa nene kiasi kwamba mtoto angeweza kulala dirishani akajinyoosha. Mlango wake wa nakshi ulitoka pwani ukiwa juu ya vichwa vya wapagazi. Mbele yake palikuwa na uwanja ambapo zamani misafara ilitua mizigo, na katika uwanja huo, hatua chache kutoka barazani, palikuwa na kaburi la Sheikh Muhanna, babu wa babu zao, aliyekuja kwa miguu kutoka pwani, akapenda mji, akabaki.

Wazee wa madhehebu yao ya Kiibadhi hawakupenda makaburi yapambwe, lakini kila mji na desturi zake. Kaburi la Sheikh Muhanna lilipakwa chokaa kila mwaka kabla ya Ramadhani. Maharusi walipitishwa hapo kupata baraka. Mvua ikichelewa, wakulima walikuja na kuku mweupe, Waislamu kwa Wakristo na wasio na dini, wakasimama wakanong'ona haja zao. Hata waseminari Wakatoliki wa Kipalapala wakipita kwa baiskeli walishuka wakazikokota mpaka walipovuka. Na kila Alhamisi, alasiri, Bi Khole alitoka na chetezo cha ubani, akaketi ubavuni mwa kaburi, akazungumza nalo kwa sauti ya chini. Alianza kufanya hivyo tangu alipoletwa bibi harusi kutoka Ujiji. Hapo ndipo alipowalilia watoto wake wawili waliokufa kwa surua, na hapo ndipo alipomshukuru Mungu kwa Thabit.

Mwaka uliofuata Azimio la Arusha, baraza la mji liliamua kujenga soko jipya. Lile la zamani lilikuwa mabanda ya mabati yaliyochoka. Mvua ikinyesha nyanya zinaogelea. Jua la Oktoba likiwaka, samaki wa Kigoma wananuka kabla ya adhuhuri. Hakuna aliyepinga. Ramani ya kwanza ilichorwa na mtaalamu aliyefika kwa treni, akapima, akaondoka kwa treni. Ikaletwa mezani kwa Thabit ainakili kwa wino.

Akaitandaza. Akaweka rula. Akainama, na hapo wino ukamkaukia kwenye kalamu. Safu yote ya nyumba za kale upande wa mashariki wa uwanja ilikuwa imekatwa kwa mistari myekundu ya kuvunjwa. Nyumba ya tatu ilikuwa yao.

Hakumwambia mtu nyumbani. Alikula, akasema chakula kizuri, akalala akiwa macho wazi. Siku zilizofuata alikuwa akienda kusimama uwanjani wakati wa jua kali, akiangalia ardhi kama mtu aliyeangusha pete. Akakumbuka mji aliosomea, ambako watu huvuka barabara kwa kupita chini yake, na humo chini vibibi huuza mikate na maua wakati theluji inaanguka juu. Wale walikimbia baridi. Kwa nini Tabora isikimbie jua?

Ndivyo soko la chini ya ardhi lilivyozaliwa. Alilichora kwa majuma kadhaa, jioni baada ya kazi, na Tufaha akimshikia taa. Soko lingekaa chini ya uwanja, na uwanja ungebaki juu yake kwa mikutano na sala ya Idi. Njia za kuteremkia zingekuwa za mteremko wa taratibu, mkokoteni upite bila kumkimbiza mwenyewe, na mwanamke mwenye tenga kichwani asilazimike kuinama. Matundu ya mwanga yangepangwa juu, na mabomba mapana ya kuvutia upepo. Samaki wangewekwa upande ambako upepo unatokezea nje, wachinjaji karibu na mfereji, na asali mbali kabisa na samaki, kwa sababu asali huiba harufu ya jirani. Na hakuna nyumba hata moja ya kale ambayo ingeguswa.

Siku ya kikao aliibandika ramani ukutani. Mwenyekiti wa baraza, Lugembe, Mnyamwezi mnene wa Usoke mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, akasogea akaitazama kwa muda.

"Ndugu Thabit, yaani unataka kutuzika tukiwa hai?"

"Nataka kuwafichia jua, mwenyekiti."

"Ninyi Waarabu, bwana! Mmeuza juu mpaka pamewachosha, sasa mnataka kuuza chini!"

"Na ninyi mmebeba mizigo mpaka imewachosha. Huku kwangu mkokoteni unateremka wenyewe."

Lugembe akacheka mpaka akapiga meza. Wajukuu wa wapagazi na wajukuu wa wenye misafara walitaniana hivyo Tabora tangu zamani, na aliyekasirika ndiye aliyeonekana mgeni. Wakauliza juu ya mvua, akawaonyesha mifereji. Wakauliza juu ya gharama, akajibu. Kisha Josepha, diwani pekee mwanamke, aliyewasemea wauza nyanya, akanyoosha kidole.

"Na Sheikh? Shimo lako linapita chini ya Sheikh."

Thabit alikuwa amelitazamia swali hilo kuliko maswali yote. Akaonyesha katikati ya ramani duara alilolikoleza kwa penseli.

"Kaburi halihamishwi. Tutaacha udongo wake kama ulivyo, kutoka juu mpaka sakafu ya soko, nguzo nene kama chumba. Tutaizungushia ukuta wa mawe. Soko litapita pembeni yake, kama maji yanavyopita pembeni ya jabali. Hakuna sululu itakayomgusa."

Lugembe akakuna kidevu. Mama yake mwenyewe aliwahi kuomba mvua pale. "Basi," akasema, "kaburi liheshimiwe, na nyumba ya mwenye kaburi isiguswe. Soko lizunguke."

Ikaandikwa hivyo, na mji mzima ukajua hivyo: nyumba ya Darwesh inasimama kwa sababu Sheikh amelala mbele yake. Bi Khole alipopewa habari aliuliza neno moja tu.

"Hiyo nguzo, mwanangu, ni ya udongo wake mwenyewe?"

"Udongo wake mwenyewe, mama. Hatuuchanganyi na kitu."

"Basi Mungu akupe nguvu."

Kazi ilianza kiangazi. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Jilala, Msukuma wa upande wa Nzega, mtu wa mizaha asiyejua kunong'ona. Ardhi ya Tabora ni ngumu, wakachimba kwa sululu na majembe, wakipandisha udongo kwa makarai, mpaka shimo likawa refu kuliko mtu, na katikati yake nguzo ya udongo ikabaki imesimama na kaburi kileleni, jeupe, kama kofia. Watu walikuja kuitazama. Wazee walisema haijapata kutokea mfu akaheshimiwa namna ile. Thabit alikuwa akipita chini, akipapasa udongo kwa kiganja, na moyoni, Mungu amsamehe, alijivuna.

Kosa lake lilikuwa hilo. Aliwaambia mafundi wa mawe wasubiri. Alitaka shimo lote likamilike kwanza, ili ukuta wa nguzo ujengwe kwa mawe yaliyochongwa vizuri, si ya haraka haraka. Mvua za kwanza zilikuja mapema. Zilinyesha usiku kucha, na asubuhi, watu wakiwa wameshika makoleo kutoa tope, nguzo ikatoa sauti kama mtu anayekohoa. Ubavu wake wa kusini ukateleza chini wote, na kaburi likafunguka.

"Bwana Thabit!" Jilala aliita kwa sauti iliyofika barabarani. "Njoo! Sheikh ametoka!"

Wachimbaji Waislamu walirudi nyuma wakisoma dua. Thabit alishuka ngazi mbiombio, suruali imemlowa tope mpaka magotini. Alichoona ni ngozi ya ng'ombe iliyooza, nyeusi, iliyofungwa ikiwa ndefu kama mtu, imejitokeza nusu kwenye udongo. Akapiga kelele juu waletewe sanda. Nyumbani hakukuwa na ajizi: Bi Khole alitoa bafta mpya aliyojiwekea yeye mwenyewe, pamoja na ubani na chupa ya maji ya waridi. Kwa desturi, watu wanne wakashika shuka pana juu ya kaburi lililofunguka, wakageuza nyuso zao pembeni, ili marehemu asionekane na macho ya watu. Chini ya shuka walibaki Thabit na Jilala peke yao.

Thabit alipiga magoti. Akasema, "Bismillahi," akapenyeza mikono chini ya ngozi kwa upole, kama mtu anayemwinua mtoto aliyelala. Alishika mfupa wa paja. Ulikuwa mrefu. Akapapasa, haukufika mwisho. Ulikuwa umepinda, mzito, laini kwa namna ambayo mfupa hauwi. Wazo la kwanza lililomjia, na baadaye aliliona la kipumbavu, ni kwamba Sheikh Muhanna alikuwa jitu. Ngozi ikapasuka, na ule mfupa ukateleza mpaka mapajani mwake, ukifuatwa na mwingine, na mwingine, yote ikiwa imelazwa kwa mpango, kichwa kwa mguu. Hapakuwa na fuvu. Hapakuwa na mwanandani wa kulaza maiti. Hapakuwa na mtu.

Jilala aliinama, akakwangua tope kwa kucha. Rangi ya maziwa yaliyoganda ikaonekana.

"Bwana Thabit," akasema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alinong'ona, "samahani sana. Marehemu ana pembe."

Thabit alizikodolea macho. Miaka yote ile, chokaa, maharusi, kuku weupe, Alhamisi za mama yake.

"Sikiliza," Jilala akaendelea. "Mimi nimeona mifupa. Ukisema mifupa, ni mifupa. Mimi si mtu wa kuvunja nyumba ya mwenzangu."

Wakazifunga. Mikono ya Thabit ilizifunga, yeye mwenyewe hakuwepo. Alizizungushia bafta, akaipindia ncha kichwani na miguuni, akafunga vitambaa mahali panapofungwa. Kisha akapanda juu, akapita katikati ya watu bila kuwatazama, akaingia nyumbani. Bi Khole alikuwa amesimama ukumbini na wanawake wa mtaa. Akayaona macho ya mwanawe, akawaambia wamwachie nafasi.

"Umemstiri?"

"Mama, hamna mtu."

"Hamna mtu wapi?"

"Kaburini. Mna pembe za ndovu. Mali. Hakuzikwa mtu pale."

Bi Khole alikaa juu ya kitanda cha kamba kana kwamba amesukumwa. Hakulia. Akauliza kwa sauti ndogo ambayo Thabit hakuwahi kuisikia kwake:

"Basi mimi nilikuwa namwambia nani?"

Thabit akachuchumaa mbele yake.

"Watoto wangu niliowalilia," akasema, "niliwalilia kwa nani?" Kisha akajikaza, akavuta kanga begani, na yule mjane aliyelinda heshima ya nyumba ile miaka yote akarudi mahali pake. "Nani ameona?"

"Jilala tu. Amesema atanyamaza."

"Basi mzike. Mzike palepale, jenga ukuta wako wa mawe. Kaburi likiondoka, nyumba nayo imeondoka, na jina la baba yako litakuwa kichekesho cha kila genge la kahawa. Mzike, Thabit."

Akatoka kwenda kumzika. Lakini nje mambo yalikuwa yamekwisha mpita. Mji wote ulikuwa uwanjani. Wazee walikuwa wamekubaliana kwamba Sheikh asirudishwe kwenye tope. Apelekwe msikitini, alale huko asomewe mpaka nguzo ijengwe imara, ndipo arudishwe kwa heshima. Jeneza lilikuwa limeletwa. Jilala, ambaye hakujua afanye nini, alikuwa amesaidia kulipandisha kutoka shimoni likiwa na sanda ndani, na sasa alisimama pembeni akimtazama Thabit kwa macho ya mtu aliyemezeshwa jiwe.

Wakaliinua. Kila mwanamume alitaka kupata thawabu ya bega lake, wakapokezana kama ilivyo ada, hatua mbili tatu huyu, hatua mbili tatu yule, wakisema, "La ilaha illa Llah." Kisha mmoja akasema, "Mzito!"

"Mzito sana," akajibu mwingine.

"Mifupa ya enzi za misafara? Si ingekuwa majani makavu?"

"Mwili wake haukuoza! Nakwambia, haukuoza!"

"Karama hiyo! Allahu akbar! Karama!"

Neno likapita katika umati kama moto katika nyasi za Septemba. Vigelegele vikapasuka barazani. Mzee mmoja kipofu akaomba aongozwe aliguse jeneza, akaligusa, akaupaka mkono ule machoni. Lugembe, ambaye alikuwa Mkatoliki, alivua kofia yake akaikumbatia kifuani. Imamu alitembea mbele machozi yakimdondoka ndevuni. "Nilikuwa nasikia tu habari zake," alimwambia Thabit, akamshika mkono. "Sikujua kwamba Mungu ataniweka hai mpaka nimbebe. Umebarikiwa, mwanangu. Damu yako imebarikiwa."

Thabit alitembea. Alijiona mwenyewe akitembea. Kila hatua uongo ule, ambao yeye aliufikiria mdogo, wa kufunika jambo la nyumba moja, ulikua juu ya mabega ya watu, na mbele aliona mlango wa msikiti uko wazi, mikeka imetandikwa, watu ndani wakisimama kupanga safu. Aligeuka akatazama nyuma. Dirisha la nyumba yao lilionekana juu ya vichwa, na nyuma ya pazia alijua nani amesimama.

Kwenye kizingiti alisema, "Mteremsheni."

Hawakumsikia.

"Mteremsheni!" alipiga kelele, sauti ikamkatika. "Msiingie! Wekeni chini, kwa jina la Mungu!"

Wakaliweka chini kwa mshangao. Imamu alidhani huzuni imemzidi, akataka kumkumbatia. Thabit alipiga magoti mwenyewe, akafungua kitambaa cha kichwani, akaifunua bafta mbele ya mji mzima.

Pembe zilikuwa zimelala juu ya sanda nyeupe, zimelowa maji ya waridi, na harufu yake ilikuwa nzuri mno.

"Ndicho kilichokuwamo," akasema Thabit. "Sikujua. Wallahi sikujua. Hata mama hakujua."

Kipofu aliuliza, "Nini? Nini? Niambieni kuna nini." Na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumwambia.

Imamu aliegemea nguzo ya mlango, amepauka. "Mwanangu," akasema mwishowe, "ungechelewa kidogo tu, tungesimama mbele ya Mungu tukamsalia..." Akageuka akaingia ndani peke yake.

Ndipo zogo likalipuka. "Mirija! Wanyonyaji!" akapiga kelele mtu nyuma. "Wamezika mali, wakatupigisha magoti juu yake!" Mwingine akacheka, cheko baya lisilo na furaha, likaambukiza. Kuku wetu, walisema. Rudisheni kuku wetu. Gari la polisi lilikuja likazichukua pembe, maana nyara ni za serikali, na watu waliandamana nalo mpaka kituoni kana kwamba lile sasa ndilo jeneza.

Nani alizizika, hakuna ajuaye mpaka leo. Huenda ni Sheikh Muhanna mwenyewe, Wadachi, yaani Wajerumani, walipokaribia, alificha mali yake chini ya jina lake akijua hakuna mwizi wa kufukua kaburi la Mwislamu, akaondoka akitumaini kurudi. Huenda ni mwingine. Alipofia yeye anapajua Mungu. Lakini wale waliosema, na wapo wanaosema bado, kwamba nyumba ya Darwesh ilijua, wajiulize swali moja: mtu anayejua kilichomo ndani, angekubali kuchimba kandoni mwake, mchana, na wachimbaji wa serikali?

Baraza lilikutana juma lile. Madiwani wengine walitaka Thabit afukuzwe; walisema alilitumia kaburi kuwa ngao ya nyumba yake. Hakujitetea. Alipopewa nafasi ya kusema alisimama akabandika ramani mpya, wino wake bado unang'aa. Lile duara la katikati halikuwepo tena. Soko lilikuwa limenyooka, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kulizunguka, na njia kuu ya mikokoteni iliteremka kutoka mashariki, mahali palipo pana na panapofaa kuliko pote.

Lugembe aliikaribia, akaifuata njia ile kwa kidole, kidole kikasimama.

"Ndugu Thabit. Hapa si kwenu?"

"Ni kwetu, mwenyekiti."

"Ungeweza kuipitisha kwa jirani."

"Ningeweza. Lakini jirani hakuzika kitu."

Lugembe alikaa. Utani ulikuwa umemwisha. "Na mama je? Ameambiwa?"

Kabla Thabit hajajibu mlango ulifunguliwa. Bi Khole aliingia na buibui lake, peke yake, mchana kweupe, mwanamke ambaye mtaa mzima ulikuwa haujawahi kumwona amevuka barabara bila kusindikizwa. Madiwani wote walisimama. Josepha alimpa kiti chake.

"Shikamoo, mama," akasema Lugembe.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kusikia nyumba yangu inavunjwa na nani."

Lugembe alimtazama Thabit, Thabit alitazama sakafu.

"Na mwanao, mama," Lugembe akasema. "Ameichora mwenyewe."

Bi Khole aliitazama ramani ile ukutani, ingawa hakuwahi kufunzwa kusoma ramani. Aliitazama sana.

"Vizuri," akasema. "Nilidhani inavunjwa na umbeya." Akaketi mpaka kikao kilipokwisha, na hakuna diwani aliyetaja tena neno la kumfukuza mtu.

Nyumba ilivunjwa kabla ya masika. Jilala alikataa kushika sululu siku hiyo, akaomba ruhusa kwamba anaumwa. Familia ilihamia nyumba ndogo ya matofali upande wa Ng'ambo, yenye mlango wa mbao za kawaida, na Bi Khole hakuishi sana baada ya hapo. Soko la chini nalo halikuona mwisho. Shimo lilijaa maji mwaka ule na mwaka uliofuata. Kisha fedha zikahitajika vijijini, watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, na mabuldoza yakalifukia. Juu yake yakawekwa mabanda ya mabati, kama yale ya zamani. Thabit alichora mabanda hayo pia. Alikuwa mtumishi wa mji, na mji ulitaka mabanda.

Miaka ilipita kabla hajaweza kwenda kununua kitu pale mwenyewe. Siku moja alikwenda. Mama mmoja wa Igunga, mgeni mjini, alikuwa amepanga mafungu ya nyanya karibu kabisa na mahali palipokuwa na baraza lao.

"Chagua, baba. Nyanya za hapa haziozi. Mahali hapa pana baraka."

"Baraka ya nini, mama?"

"Hujui? Wewe si mtu wa hapa?" Akasogea mbele, akashusha sauti kwa heshima. "Alilala hapa Sheikh mmoja mkubwa. Wakaja watu na makoleo kutaka kumfukua wajenge. Yeye alipoona wanamfikia, akajigeuza pembe za ndovu, wasiuone mwili wake. Wakabaki na pembe mikononi wanashangaa!"

Thabit alisimama na nyanya mkononi. Alitafuta usoni pa mwanamke yule dalili ya mzaha, hakuiona hata chembe.

"Mama," akasema taratibu, "mimi nilikuwepo. Zilikuwa pembe tangu zamani. Nilizishika kwa mikono yangu hii."

Yule mama alimtazama kwa macho yaliyojaa huruma, akamfungia fungu lake kwenye gazeti, na kumwongeza nyanya moja juu yake.

"Ndiyo, baba," akasema. "Ndivyo alivyotaka mwone."